Kitabu cha Nasaba na Ukuta wa Harusi: Posa na Ndoa katika Vijiji vya Mithila

Katika vijiji vya Mithila, kaskazini ya Mto Ganga nchini India, husimuliwa hadithi ya mke wa mwanachuoni mmoja aitwaye Harinath Upadhyaya. Mwanamke huyo alikuwa na ada ya kwenda kuabudu katika hekalu la Shiva lililokuwa nje ya kijiji. Siku moja akasingiziwa kwamba amezini na chandala, yaani mtu wa daraja ya chini kabisa, ambaye Mabrahmani walijiepusha hata kugusana naye. Akapelekwa mbele ya wazee kula kiapo cha moto. Akaapa kwamba hakumwendea chandala yeyote. Mkono wake ukaungua. Hukumu ingalipita, lakini akapewa nafasi ya kuapa tena kwa maneno mengine. Mara ya pili akaapa kwamba hakumwendea chandala yeyote isipokuwa mumewe. Mkono haukuungua. Wanavyuoni wakastaajabu, wakachimbua asili ya mume na asili ya mke, ikadhihirika kwamba wawili hao walikuwa wa damu moja, karibu zaidi kuliko sheria yao inavyoruhusu. Kwa kosa hilo mume, bila ya kujijua, alikwisha kushuka mpaka daraja ya chandala.

Hadithi ni hadithi, na wasimulizi huiongeza na kuipunguza. Lakini ndiyo ambayo Mabrahmani wa Mithila huitaja kila waulizwapo kwa nini ndoa zao zikafungwa kwa kitabu. Mwanzoni mwa karne ya 14, katika enzi ya Harisimhadeva, mfalme wa mwisho wa ukoo wa Karnata, nasaba za Mabrahmani na za Wakayastha, ambao ndio waliokuwa makarani, ziliamriwa zikusanywe na kuandikwa. Kumbukumbu hizo zikaitwa panji. Mwanamke aliyeunguzwa mkono kwa kosa lililokuwa la wanaume waliosahau hesabu ya ukoo wao, jina lake halitajwi sana katika masimulizi. Jina la mume ndilo lililobaki.

Mfalme mwenyewe hakukaa sana kuyaona matunda ya kazi hiyo. Mnamo mwaka 1324 majeshi ya Ghiyasuddin Tughluq, Sultani wa Delhi, yaliingia Mithila, na Harisimhadeva akakimbilia milima ya Nepal. (Muhammad bin Tughluq, mwana wa Sultani huyo, ndiye aliyempa Ibn Battuta ukadhi wa Delhi, miaka michache tu baada ya msafiri huyo kupita Mombasa na Kilwa mwaka 1331.) Ufalme ukaondoka, kitabu kikabaki. Kila utawala uliofuata uliwakuta waandishi wa nasaba wakiendelea na kazi yao, wakichora herufi za Kitirhuta juu ya majani ya mvumo yaliyokaushwa, baba akimwachia mwanawe kazi pamoja na majani yenyewe.

Wahindi ambao watu wa mwambao wamewazoea kwa karne nyingi asili yao ni Kachi, Kathiawar na miji ya Gujarati, magharibi kabisa ya nchi ile. Mithila iko mbali na bahari. Ni bonde la mito itokayo Himalaya, kati ya Gandaki na Kosi, sehemu yake katika jimbo la Bihar na sehemu ndani ya mpaka wa Nepal. Ni nchi ya madimbwi, samaki, miembe na tambuu, na lugha yake, Kimaithili, ina ushairi ulioandikwa tangu zama hizo za panji. Wenyewe hujivunia kuwa nchi yao ndiko alikozaliwa Sita, binti wa mfalme Janaka katika Ramayana. Hata hivyo siku ile ya mwaka inayoadhimishwa kuwa ni ya harusi ya Sita na Rama, wazazi wengi wa Mithila hawakubali kuwaoza binti zao. Sita aliolewa na mfalme mwema akaishia kufukuzwa mwituni akiwa na mimba, na hapana mama atakaye kuanza na fali hiyo.

Msomaji wa pwani, hasa atokaye katika koo zinazohifadhi shajara zao, hataona ajabu watu kuulizana nasaba kabla ya posa. Ajabu itamshika atakapoona nasaba hiyo yatumiwa kwa kazi gani. Pwani, shajara huonyesha kufu, na mtoto wa ami huhesabiwa kuwa mtu wa kwanza wa kufikiriwa. Mithila mtoto wa ami ni dada, na mjukuu wa ami ya babu ni dada vilevile. Sheria za kale za Kihindu zilikataza ndoa ndani ya vizazi saba upande wa baba na vitano upande wa mama, na zaidi ya hayo wenye gotra moja, yaani wale wanaohesabiwa kutoka kwa mhenga mmoja wa kale, hawaoani kabisa hata kama hapana aijuaye njia ya udugu wao. Ni nani awezaye kukumbuka vizazi saba vya baba, na vya mama, na vya mama wa baba, kisha avilinganishe na vya mtu wa kijiji cha mbali? Kazi hiyo ikawa ya panjikar.

Panjikar alikuwa mtu wa kuogopewa kidogo. Alijua kijiji cha asili cha kila ukoo na kijiji ulikohamia, kwa kuwa ukoo hutambulishwa kwa viwili hivyo pamoja. Alijua nani alioa wapi, na nani alioa mahali pasipomstahiki, na doa la ndoa hiyo lilisomwa hata kwa wajukuu. Hesabu yake ilifuata majina ya wanaume. Mwanamke aliingia zaidi kwa kuwa binti wa fulani na mjukuu wa fulani, kama daraja lipitwalo kutoka ukoo mmoja kwenda mwingine. Baba mwenye binti wa kuozwa alikwenda kwake kuuliza ni koo zipi zilizo halali kwa binti huyo. Kisha akamtafuta ghatak, ambaye ndiye mshenga wao, mtu mwenye miguu ya safari na ulimi wa asali, akapeleka habari na kurudisha majibu baina ya vijiji, kwani ndani ya kijiji kimoja watu wengi walikuwa ndugu. Maneno yakikubaliwa, walirudi kwa panjikar awape cheti cha jani la mvumo kinachoshuhudia kwamba bwana na bibi hawana udugu. Bila ya cheti hicho hapakuwa na ndoa. Maana ya jina lake moja, kwa lugha yao, ni waraka wa wasio ndugu; na huenda hapana mahali pengine ambapo mapenzi ya watu wawili huanzia kwenye hati ithibitishayo kuwa si kitu kimoja kwa mwingine.

Bibi harusi hakuulizwa. Mara nyingi hata bwana harusi hakuulizwa. Wawili hao hawakuonana mpaka usiku wa harusi yenyewe.

Ili kuwapunguzia wazazi safari, zilikuwako baraza za ndoa ambako watu wa vijiji vingi walikutana kwa siku maalumu. Iliyopata sifa kuliko zote ni ya Saurath, kijiji kilicho kilomita chache kutoka mji wa Madhubani. Kila mwaka, baina ya Juni na Julai, kabla tarehe njema za kuozesha hazijamalizika, wanaume walikusanyika katika shamba la miembe. Kila kijiji kilikuwa na mahali pake pa kutandika mikeka. Vijana walikaa na walii wao, kilemba cha Kimaithili kichwani, na baba wa mabinti wakapita mkeka kwa mkeka pamoja na washenga, wakiuliza asili, mashamba, masomo na tabia. Mapanjikar walikaa na mafurushi yao ya majani tayari kujibu. Wenyeji walikuwa wakisema kwamba watu wakifika laki moja, mti mtakatifu wa pipal ulioko hapo hunyauka majani kwa pumzi za umati. Mwanamke hakukanyaga. Katika soko hilo, na wasemaji wakali waliliita soko hasa, aliyetazamwa na kupimwa alikuwa mwanamume, jambo ambalo lingeweza kumfurahisha mtu apendaye insafu lau bei hiyo isingelipwa na baba wa msichana.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Panji ilianzishwa kuzuia damu iliyo karibu mno, lakini kitabu chochote kinachoandika watu huishia kuwapanga. Koo zikagawanywa daraja. Juu kabisa walikaa Shrotriya, wachache sana, ambao katika zama za karibu hawakuozeshana ila kwa idhini ya Maharaja wa Darbhanga, tajiri mkubwa wa ardhi za nchi ile. Chini yao yakafuata makundi mengine, kila moja likitazama juu. Binti aliruhusiwa kupanda kwa ndoa. Kushuka kulikuwa aibu ya ukoo mzima. Basi kila baba alimtaka mkwe aliye juu yake, na wa juu walikuwa wachache, na kilicho adimu huwa ghali. Wakazuka watu walioitwa bikauwa, neno litokalo katika kitenzi cha kuuza, wanaume wa nasaba tukufu na mifuko mitupu, wasio na shamba wala kazi, waliouza kitu kimoja tu walichonacho, nacho ni jina la babu zao. Mtu wa namna hiyo alioa hapa kwa malipo, akaoa kule kwa malipo, wake wakafika kumi na kuzidi. Hakuwachukua. Kila mke alibaki kwa baba yake, na mume alizunguka kama mgeni, akikaa siku chache kila nyumba, akipokewa kwa samaki na kwa zawadi. Alipokufa, siku moja hiyohiyo nyumba nyingi katika vijiji mbalimbali zilipata wajane, baadhi yao wasichana waliomwona mara moja au mbili. Na mjane wa Kibrahmani hakuolewa tena.

Kwa mujibu wa kitabu, ndoa hizo zilikuwa safi. Vizazi saba vilihesabiwa, cheti kilitolewa. Panjikar hakuwa na safu ya kuandika umri wa bwana harusi wala idadi ya siku alizolala nyumbani kwa mkewe.

Washairi waliiandika safu hiyo. Vidyapati, aliyeishi baina ya karne ya 14 na ya 15 na ambaye kijiji chake, Bisfi, kiko katika wilaya hiyohiyo ya Madhubani, alitunga kwa Kimaithili nyimbo za mapenzi ya Radha na Krishna zilizompa jina katika Bihari na Bengali. Lakini wanawake wa vijijini humwimba zaidi katika nyimbo zake za Shiva, na huziimba harusini. Humo Shiva anakuja kuposa: mzee, nywele zimesokotana, nyoka shingoni, majivu mwilini, amepanda fahali. Mama wa Gauri anamwona mkwe huyo, anapiga ukelele, anawalaumu mume wake na Narada aliyekuwa mshenga. Wachaji huzisikiliza kama nyimbo za ibada, na kweli ni za ibada, kwa kuwa mzee yule ni Mungu na Gauri atamridhia. Lakini mama anayeziimba usiku wa kumwoza binti yake wa miaka kumi kwa mtu mwenye mvi hahitaji kufundishwa maana nyingine. Chini ya kivuli cha dini aliweza kusema mbele ya mkwe, mbele ya mshenga, mbele ya wazee wote, neno ambalo kwa ulimi wake mwenyewe lingemtia hatiani.

Karne nyingi baadaye mashairi yakatoka katika kivuli hicho. Mwaka 1933 Harimohan Jha alichapisha riwaya yake Kanyadan, akaicheka ndoa ya kijana aliyekunywa elimu ya Kiingereza na msichana wa kijijini asiyejua kusoma, na kicheko hicho kilisomwa nyumba hadi nyumba. Vaidyanath Mishra, mwana wa kijiji cha Tarauni, aliyetumia jina la Yatri katika Kimaithili na Nagarjun katika Kihindi, hakucheka. Shairi lake juu ya bwana harusi mzee, na riwaya yake Paro ya mwaka 1946 juu ya msichana aliyeozwa mtu asiye rika lake, ziliwakera walinzi wa mila kuliko hotuba za wanasiasa, kwa sababu mtungaji alikuwa Brahmani wa nasaba iliyomo kitabuni, tena ameijua lugha ya uani.

Sheria nazo zilikuja polepole. Sheria ya mwaka 1929, chini ya Waingereza, iliweka miaka 14 kuwa ndio mwanzo wa kuolewa kwa msichana, na vijijini wachache waliisikia. Baada ya uhuru, sheria ya ndoa za Kihindu ya mwaka 1955 ilipiga marufuku mitara, na biashara ya bikauwa, iliyokwisha kudhoofika, ikakosa msingi. Mwaka 1961 ikakatazwa mali itolewayo na upande wa mke kumpa mume, kinyume cha mahari ijulikanayo pwani. Na mwaka 1978 umri wa msichana ukapandishwa hadi 18. Katazo la mali ndilo lililopuuzwa kuliko yote. Zamani baba alilipia babu wa bwana harusi. Sasa hulipia shahada yake na kazi yake ya serikali. Baraza la Saurath, ambalo watetezi wake husema lilianzishwa ili watu waoane bila ya gharama, halikuweza kushindana na simu, magazeti ya matangazo ya ndoa na mijini kwenyewe. Bado huitishwa kila mwaka, lakini mikeka imekuwa michache, na msomi wa Patna au Delhi huona haya kukaa chini ya mwembe kutazamwa.

Wakati wanaume walipokuwa miembeni na majani yao, wanawake walikuwa na kazi yao nyumbani. Kila binti alipoozwa, ndugu zake wa kike na majirani walipaka ukuta wa chumba kimoja, wakausawazisha, kisha wakauchora. Chumba hicho huitwa kohbar, nacho ni chumba cha fungate, ambamo bwana na bibi huingizwa baada ya bwana kumpaka mkewe unga mwekundu utosini. Rangi zilikuwa masizi ya taa, mchele uliosagwa kwa maji, maua na majani. Kalamu ilikuwa kijiti cha mwanzi. Katikati walichora duara la mayungiyungi, likapenywa na shina lililonyooka, na kulizunguka wakaweka miti ya mianzi, kasuku, samaki, kasa, jua na mwezi. Wanavyuoni wameandika mengi kueleza kwamba yungiyungi ni mwanamke na mwanzi ni mwanamume. Akina mama waliochora hawakuhitaji maelezo hayo. Walikuwa wakimfundisha msichana kwa mkaa na mchele yale ambayo kungwi wa pwani humfundisha mwari kwa nyimbo. Siku tatu za mwanzo wawili hao waliachwa wazoeane tu. Siku ya nne ndiyo iliyokuwa ya mambo mengine.

Na bwana ndiye aliyebaki ugenini kwanza. Bibi hakuhamia kwa mumewe mara moja. Alikaa kwao mwaka mmoja, au mitatu, hata mitano, mpaka safari ya pili ya kuchukuliwa. Katika mvua za kwanza baada ya harusi hufanya ibada ya Madhushravani, akiokota maua jioni pamoja na wenzake kwa ajili ya miungu wa nyoka, na mwanamke mtu mzima akimsimulia hadithi siku baada ya siku, chakula na nguo zikitoka ukweni. Siku ya mwisho hukaa kitako, mumewe akamfunika macho kwa jani la tambuu, na utambi unaowaka ukagusishwa magotini pake. Lengelenge likitoka vizuri, ni dalili ya kheri na ya mume atakayeishi. Pana watetezi wa ada hiyo na wapo waliyoiacha. Ila ni vigumu kuisikia bila ya kukumbuka ule mkono wa mke wa Harinath.

Michoro ya kohbar haikuwekwa. Mvua na moshi viliila, na harusi iliyofuata ilipakwa juu yake. Dunia iliijua kwa ajali: tarehe 15 Januari 1934 tetemeko kubwa la ardhi lilibomoa nyumba za Bihar, na ofisa wa Kiingereza aliyekuwa Madhubani, W. G. Archer, akakagua hasara, akaona ndani ya kuta zilizopasuka michoro ambayo mwanamume mgeni asingeruhusiwa kuiona. Aliandika juu yake mwaka 1949. Ukame wa mwaka 1966 na 1967 ulipoleta njaa, idara ya serikali ya kazi za mikono iliwapa wanawake karatasi wachore wauze.

Mmoja wao alikuwa Ganga Devi, Mkayastha, aliyezaliwa mwaka 1928. Aliozwa kama wenzake walivyoozwa, kwa nasaba iliyokaguliwa. Mumewe akaoa mke wa pili, naye akaachwa bila ya tegemeo. Mstari wake mwembamba wa wino ukamlisha, ukampeleka Marekani na Japani, na mwaka 1984 ukampa nishani ya Padma Shri. Mwishoni mwa uhai wake, akiugua saratani, alichora kohbar nzima katika kuta za Makumbusho ya Kazi za Mikono mjini New Delhi: mayungiyungi, mianzi, kasuku, na bibi harusi anayepelekwa ndani. Alifariki mwaka 1991. Mwaka 2015, wakati wa matengenezo ya jumba hilo, habari zikaenea kwamba kuta zake zimepakwa chokaa.